Mashua Nne za Uberlinda Levicoy

Uberlinda Levicoy amekuwa na mashua nne maishani mwake. Ni nne ukiihesabu ile ya baba yake, na yeye huihesabu. Zote zimepita mikononi mwa baba yangu au mwangu, kwa sababu sisi akina Guenteo ni mafundi wa mashua hapa kisiwani Apiao tangu enzi za babu. Kwa hiyo haya ninayosimulia sikuyaokota sokoni. Mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine amenieleza mwenyewe tukinywa mate, ile chai yetu chungu ya majani, kando ya jiko, naye si mtu wa kutia chumvi. Akikwambia siku fulani mawimbi yalikuwa makubwa, jua kwamba siku hiyo kuna watu hawakurudi.

Ile ya kwanza iliitwa Carmela. Baba yake, Otoniel, aliiacha ufukweni mwaka wa hamsini na tatu akaenda Patagonia kukata manyoya ya kondoo, kama walivyokwenda wanaume wengi wa visiwa hivi. Alisema atarudi kabla ya mvua. Mvua zilikuja na barua: anabaki mwaka mwingine. Majira ya joto yakaingia, Carmela imelala ubavu kwenye mchanga, mbao zinaachana kwa jua, na ghalani viazi vinaota macho. Celedonio, mdogo wake Otoniel, alikuwa na mashua yake na alikuwa ameahidi kuvipeleka viazi sokoni Achao, ng'ambo ya maji. Kila akiulizwa alijibu wiki ijayo.

Uberlinda alikuwa na miaka kumi na sita. Asubuhi moja alimkuta mama yake, Rosalba, anachagua viazi vilivyooza.

"Mama, tuishushe Carmela."

"Nani ataiendesha?"

"Mimi."

"Wewe umeendesha nini zaidi ya ng'ombe?"

"Nimekaa mbele ya baba miaka sita nikimshikia kamba. Sikuwa nimefumba macho."

Rosalba aliendelea kuchagua viazi. Vilivyooza vilikuwa vingi kuliko vizima. Alipofika chini ya gunia akafuta mikono kwenye aproni akasema, "Kamwite fundi."

Baba yangu alikuja akaitia kalafati, akiziba nyufa kwa nyuzi za magome ya mti wa alerce, akapaka lami, akakusanya zana zake. Ndipo akamwambia Rosalba, "Ikizama, mimi sikufika hapa."

Safari ile ya kwanza ilikuwa ya saa tatu kwa mtu anayejua. Wao walitumia saa saba. Rosalba alikaa juu ya magunia na rozari mkononi, akimaliza anaanza tena. Walipofika Achao soko lilikuwa limefungwa, na kwenye gati walikuwa wamekaa wanaume watano hivi na chupa yao. Mmoja akaitambua mashua.

"Jamani tazameni, Otoniel ameota matiti."

Uberlinda aliona aibu mpaka masikioni. Rosalba ndiye aliyejibu, huku akishuka na gunia begani: "Na akili pia. Sogea tupite."

Walilala juu ya viazi vyao, kesho yake wakauza vyote. Kwa miaka miwili mama na binti walibeba viazi, kitunguu saumu na kome waliokaushwa kwa moshi, na baada ya mwaka wa kwanza watu wa pwani ya kusini walianza kumletea Uberlinda mizigo yao pia, kwa sababu alikuwa akisema Alhamisi, anaondoka Alhamisi.

Otoniel alirudi na viatu vipya vya ngozi na kofia bapa. Alizunguka Carmela mara mbili, akagusa tanga jipya la kitambaa cha marekani ambalo mke na binti walilishona majira ya baridi, akasema mashua imetunzwa. Nani aliyeitunza, hakuuliza. Baada ya wiki mbili akaiuza kwa Celedonio, kwa kuwa alikuwa anarudi Patagonia.

Uberlinda alimfuata hadi kwenye zizi. "Baba, umeuza miguu yangu."

"Una miguu miwili hapo, naiona."

"Hiyo haifiki Achao."

"Mwanangu, mwanamke na mashua havikai pamoja. Kimoja kitaharibika."

"Basi nitanunua nyingine, tuone kitaharibika kipi."

Otoniel alicheka, akaondoka kisiwani akiwa bado anacheka. Hakujua alikuwa anaongea na nani. Sisi majirani tulijua, maana miaka mitatu iliyofuata hatukumwona Uberlinda ameketi. Alichimba viazi vya watu, akafuma soksi na mablanketi, akaokota mwani na kupasua kuni, mpaka akapata mashua ya mjane mmoja wa kisiwa cha Alao. Mashua gani! Kuku walikuwa wanatagia ndani yake. Mataruma, zile mbavu za ndani, yalikuwa yameoza saba kati ya kumi na tisa. Baba aliyabadilisha, nami nilikuwa na miaka kumi na minne, taruma la tatu kutoka omo, kule mbele, ni la kwangu, la kwanza maishani. Uberlinda aliiita Huala, jina la yule ndege wa majini mwenye shingo nyekundu anayepiga mbizi ukadhani amekufa, kisha anaibuka mbali.

Kwa Huala alipata mume. Filidor Mansilla alikuwa mtu wa kondoo na mbwa, mpole, mpishi mzuri, na bahari ilimchukia. Alitapika hata mashua ikiwa imefungwa. Lakini kila Alhamisi alikuwa na safari ya Achao, leo anauza ngozi moja, wiki nyingine ananunua sindano. Uberlinda alidhani ana biashara. Siku moja katikati ya mlango wa bahari, uso wake ukiwa wa kijani, Filidor alimshika mkono akasema, "Uberlinda, nataka..." naye haraka akamsogezea ndoo.

"Sitaki ndoo," akasema Filidor. "Nataka tuoane." Kisha akaihitaji ndoo.

Waliokuwa ndani ya mashua wanasema Uberlinda hakuacha usukani. Alisema, "Ngoja tufike, nisikujibu wakati unaumwa." Walipofika akamjibu ndiyo.

Huala ilidumu miaka kumi na mitatu. Mwaka wa sabini na moja, mwezi wa Julai, alikuwa akitoka Achao na mdogo wake Nérida na ng'ombe wa jirani, upepo wa kaskazini ukawakuta ghafla pamoja na mvua. Usukani ulikatika. Mashua bila usukani huenda inakotaka maji, na maji yalitaka miamba ya Alao. Uberlinda aliona kwamba hawaponi wote pamoja na mzigo, akakata kamba ya ng'ombe, akamsukuma majini. Kisha yeye na Nérida wakashika makasia, wakahangaika mpaka wakaupita mwamba mkubwa na kuanguka kwenye ufuko wa mawe. Wao wawili walitoka na michubuko. Huala ilivunjika mkuku, uti wake wa chini. Ng'ombe alikutwa amesimama ufukoni akila majani, kana kwamba alifika jana.

Mimi nilidhani hapo ndipo mwisho. Alikuwa na mtoto wa miaka mitano na mwingine tumboni. Filidor alikuja karakana peke yake kuniambia, "Fundi, akija, mwambie huna mbao." Nikamwambia nitajaribu. Baba alikuwa ameshafariki na karakana ilikuwa yangu.

Uberlinda alikuja baada ya siku kumi, na ndoo nzito mkononi. Alikuwa amerudi Alao, akayachoma moto mabaki ya Huala, akachakura majivu mpaka akaikusanya misumari yote ya shaba.

"Fundi, anza na hii."

"Dada, sina mbao."

"Filidor amekwisha kukuambia useme hivyo. Mbao zako nimeziona nyuma ya karakana, nimepita huko makusudi."

Tukaanza kupima.

Ya tatu ilikuwa kubwa, mita kumi, mbao za misiprasi, mlingoti mmoja. Aliibatiza Rosalba, kwa jina la mama yake aliyekuwa bado hai na aliyekataa kuipanda. "Nilishasali za kunitosha," alisema. Lakini ilipokuwa tayari kukatoka amri mpya: anayebeba abiria na mizigo lazima awe na cheti cha unahodha. Kwa cheti kulikuwa na mtihani katika ofisi moja ya bandari, na hakuna aliyekumbuka mwanamke wa visiwani aliyewahi kuufanya.

Uberlinda alikuwa na madarasa matatu tu ya shule. Kusoma alijua, ila polepole, kwa kidole. Kijitabu cha sheria kilikuwa na kurasa tisini. Filidor, aliyetamani mtihani umshinde, ndiye aliyemfundisha. Wakati anakanda milcao, ule mkate wetu wa viazi, alikuwa akifunga sufu nyekundu na ya kijani, badala ya taa za chombo, kwenye fimbo na kuzipitisha nyuma ya kiti.

"Unaona nyekundu tu. Yuko upande gani?"

"Ananipita mbele, ubavu wake wa kushoto."

"Unaona nyekundu na kijani?"

"Ananijia usoni."

"Utafanya nini?"

"Nitamtukana, halafu nitakata kulia."

"Ukiandika hivyo watakukata alama."

Walimkata alama kweli. Mara ya kwanza alishindwa kwa maandishi, muda ulikwisha akiwa ukurasa wa pili. Mara ya pili alishindwa kwa alama mbili. Kila mara alirudi Apiao, akashuka, akavua viatu vyake vya mjini, na akifika nyumbani anakifungua kijitabu ukurasa wa kwanza. Miezi yote hiyo Rosalba ilikuwa imekaa ufukweni imefunikwa, na Celedonio, mzee sasa, alikuwa akipita kuuliza kama inauzwa. "Inangoja," Uberlinda alikuwa akimjibu. Hilo tu.

Mara ya tatu maandishi yakapita. Ikabaki sehemu ya mdomo. Ofisa alikuwa kijana wa kaskazini, mwenye kola iliyopigwa pasi. Uberlinda ananiigizia sauti yake mpaka leo.

"Mama, uko kwenye mlango mwembamba, upepo nyuma yako, mashua nyingine inakuja mbele yako. Utafanya nini?"

"Inategemea nani yumo."

"Haitegemei. Sheria ni moja."

"Sheria naijua, bwana: anayesukumwa na upepo wa nyuma ampishe anayebisha akipanda dhidi ya upepo. Nitampisha. Lakini nikiona ni mashua ya Celedonio, nitampisha mara mbili, kwa sababu huyo haangalii mbele, anaangalia chupa."

Ofisa aliandika kitu. Akauliza tena: "Ukungu umeshuka, huoni ufuko. Dira yako imeharibika. Utajuaje uko wapi?"

"Nitazima domo la abiria, nisikilize."

"Usikilize nini?"

"Mbwa. Alao mbwa ni wengi. Apiao upande wa kaskazini kuna kijito kinachoanguka juu ya mawe. Nisiposikia chochote natia nanga. Mashua iliyotia nanga haijapotea, imepumzika."

Anasema ofisa alimwambia kwamba jibu la kwenye kitabu ni kupiga kengele. "Kengele ni ili wengine wanisikie," akasema Uberlinda. "Wewe umeniuliza mimi nitajuaje." Kijana akagonga muhuri. Cheti hicho kimetundikwa jikoni kwake juu ya jiko, kimekuwa cheusi kwa moshi, jina halisomeki tena.

Miaka thelathini alifanya kazi na Rosalba. Alibeba walimu, wagonjwa, majeneza, maharusi, kengele ya kanisa, na mara moja fahali wawili waliochukiana. Injini ilipofika visiwani aliifunga kati ya wa kwanza. Wapo wageni waliomlaumu kwa kuacha tanga. Aliwajibu kwamba anayesifu makasia hajawahi kuyavuta. Sitadanganya kwamba alilia siku mlingoti ulipong'olewa. Alinisaidia kuung'oa, na tulichoma milcao kwa vipande vyake.

Alipofika miaka sitini na sita alimpa mwanawe Adelqui ile mashua. Adelqui alikuwa amepata kazi ya kuwabeba wafanyakazi wa vizimba vya samaki wa samoni, na Uberlinda aliona ni haki chombo kiende kwa mwenye kazi. Baada ya hapo akakaa nchi kavu. Miaka mitatu baadaye Filidor alifariki, usingizini, mbwa wake miguuni. Tukamzika. Uberlinda alinenepa, akaacha kuja kunywa mate. Nikipita nilimwona dirishani, anatazama maji kupwa na kujaa.

Kisha, Mei moja, alikuja karakana na kamba yenye mafundo. Karakana haikuwa karakana tena, nilikuwa natunzia kuni. Alikuwa na miaka sabini, mimi sitini na mitatu, na sikuwa nimejenga mashua kwa miaka kumi na moja, kwa kuwa vijana walinunua za plastiki.

"Urefu ni huu," akasema, akainyoosha kamba sakafuni. "Mita sita. Tanga tu, bila injini."

"Dada, wewe si ulisema anayesifu makasia..."

"Nilisema ya kazi. Kazi nimemaliza. Hii ni yangu mimi."

Jioni ile ile Adelqui alinijia, amekasirika. "Fundi Arnoldo, usimjengee. Mama yangu anataka kujiua kwa heshima."

"Mwambie mwenyewe."

"Nimemwambia. Ameniuliza kama mimi ndiye baba yake Otoniel nimefufuka."

"Basi unataka nikusaidie nini?"

"Mwambie huna mbao."

Nilicheka mpaka akaona haya. Nikamweleza kwamba dawa hiyo ilishajaribiwa na haikufanya kazi. Adelqui alinuna mwaka mzima. Majira ya baridi ya pili, mikono yangu iliposhindwa kupinda mbao za chini, mlango ulifunguliwa akaingia na ovaroli yake ya kazini. Alishika upande wa pili wa ubao.

Tuliishusha na mafahali wa majirani, maji yakiwa bamvua. Padri aliuliza inaitwaje. "Filidor," akasema Uberlinda. "Safari hii hatatapika." Watu walicheka, na yeye akacheka nao, lakini nilikuwa karibu nikaona alivyoishika ile mbao ya omo kwa kiganja chote.

Miaka kumi na moja aliiendesha peke yake, karibu kila siku ya upepo wa kusini. Hakuwa akienda popote. Alikwenda, akarudi. Wakati mwingine alileta samaki.

Macho ndiyo yaliyomsaliti. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, wakalitengeneza hospitalini, mji wa Castro. La kushoto lilikuwa na ugonjwa mwingine wa ndani usiotengenezeka, na baada ya muda ukalifuata la kulia pia. Alificha. Ni mpaka alipogonga boya la njano, boya kubwa kama ng'ombe, mchana kweupe, ndipo tukajua. Adelqui aliivuta Filidor mpaka ufukweni, akaifunga kwa mnyororo, akaja kwangu akakaa na kofia mkononi. Hakuwa na furaha yoyote ya kushinda.

Uberlinda alikuja siku ya tatu, akipapasa ukuta kwa fimbo.

"Fundi, umejenga mashua ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Umeendesha ngapi?"

Swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. "Hakuna," nikasema. "Nimezipanda tu."

"Kwa nini?"

"Naogopa, dada. Mimi najua jinsi zilivyotengenezwa."

Alicheka, akaketi juu ya gogo. "Nimekaa siku mbili nikifikiri. Macho yameondoka, sawa. Lakini upepo nausikia shingoni, na mkono wangu bado unajua kamba. Kilichopungua ni mtu wa kutazama mbele. Wewe una macho."

"Nina miaka sabini na mitano."

"Nilianza na kumi na sita, nikatumia saa saba. Wewe hata ukitumia kumi, nani anatungoja?"

Nilimwambia hapana. Nilimwambia hapana wiki nzima, na kila siku alirudi, anakaa kwenye gogo lile lile, anauliza kama nimeshamaliza kuogopa. Siku ya nane nikaenda kwa Adelqui kuomba ufunguo wa mnyororo. Aliutoa mfukoni.

"Fundi, na wewe?"

"Na mimi," nikasema.

Kwa hiyo sasa mimi ndiye nashika usukani na yeye amekaa mbele yangu na demani, ile kamba ya tanga, mkononi, uso juu. Aliyekuwa nahodha miaka sitini amekubali kuwa baharia wangu, ingawa sijawahi kuona baharia anayetukana nahodha kiasi kile.

"Unakwenda wapi, Fundi? Upepo umenihama sikioni."

"Nanyooka."

"Unanyooka kama mlevi. Vuta kwako. Taratibu, huo si mlango wa zizi. Unaona nini?"

"Mashua ya Adelqui, kule nyuma."

"Anafanya nini?"

"Anajifanya anavua."

"Siku ya kazi? Mwache avue."

Wiki iliyopita tulivuka hadi Achao kwa saa nne na nusu, na nilipoingia nilisimamisha mashua bila kugonga gati, jambo ambalo lilinipendeza mno nikasahau kufunga kamba. Tulirudishwa na mkondo mita hamsini. Uberlinda alishika kasia, nami la pili, tukarudi tukihema. Daktari amemwambia kufikia mwakani hataona hata mwanga. Amemjibu kwamba amesikia. Kesho, upepo ukiwa wa kusini, tunakwenda kisiwa cha Quenac kuchukua mbegu za kitunguu saumu, na anasema njiani atanifundisha kubisha dhidi ya upepo.